UCHANGANUZI: Nani wa kulaumiwa ruta na printa zinapogeuzwa silaha?

KATI ya Oktoba 25 na 27 mwaka 2023, zaidi ya ruta 600,000 za wateja wa kampuni moja ya huduma za intaneti nchini Marekani zilikufa kwa mpigo. Hazikupigwa na radi wala hazikuunguzwa na hitilafu ya umeme. Mtu asiyejulikana alizifikia kupitia mtandao, akazivuruga programu zinazoziendesha na kuziacha zikiwa visanduku vitupu vya plastiki.

Wateja walizima, wakawasha, wakazima tena. Haikusaidia. Ilibidi ruta hizo zing'olewe na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine mpya.

Kisa hicho kilifichuliwa Mei 2024 na Black Lotus Labs, kitengo cha utafiti cha kampuni ya Lumen Technologies. Watafiti hao walieleza kuwa sehemu kubwa ya maeneo yanayohudumiwa na kampuni iliyoshambuliwa ni ya mashambani, ambako huenda wakazi walikosa njia ya kuita huduma za dharura na wakulima wakakosa habari kuhusu mazao yao katika msimu wa mavuno.

Kufikia wakati ripoti hiyo ilipotolewa, haikuwa imebainika mshambulizi alikuwa nani wala alitumia mlango upi kuingia mara ya kwanza. Lililokuwa bayana ni kwamba aliyeumia zaidi ni mteja, ambaye hakuiunda ruta hiyo wala hakujua inaendeshwa na programu gani.

Mkenya anayesoma habari hizi asidhani kwamba ni mambo ya ng'ambo. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imetoka katika vituo vya mitaani na kuingia sebuleni, dukani, shuleni na katika zahanati.

Utaratibu wa kuunganishiwa huduma hiyo unafahamika. Fundi huja na ngazi yake, hutundika kisanduku ukutani, humwandikia mwenye nyumba neno la siri la Wi-Fi kwenye kipande cha karatasi na kwenda zake. Tangu siku hiyo kisanduku husahaulika, mpaka pale intaneti inapopotea katikati ya mechi.

Swali linaloibuka ni hili: Nani mlezi wa kisanduku hicho? Je, ni aliyekiunda, kampuni iliyokileta, serikali iliyokiidhinisha kutumika nchini, au ni mwenye nyumba?

Kwa muda mrefu jibu limekuwa rahisi mno. Kila wadukuzi wanaposhambulia, raia huambiwa abadilishe nywila na awe mwangalifu. Ushauri huo si mbaya. Hata hivyo, ukitazama mashambulizi makubwa ya miaka ya karibuni, utagundua kwamba mara nyingi mzigo umetwikwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kuubeba.

Tarakilishi iliyojificha

Kuelewa jambo hili hapana budi kufahamu kwanza ruta ni nini. Ingawa wengi huichukulia kama waya au soketi ya umeme, ruta ni tarakilishi ndogo kamili. Ina kichakato chake, ina kumbukumbu yake, na inaongozwa na programu iliyopachikwa ndani yake kiwandani, ambayo mafundi huiita fimwea.

Printa ya kisasa ya ofisini nayo ni vivyo hivyo. Mbali na wino na karatasi, imebeba tarakilishi inayopokea nyaraka, kuzihifadhi na kuwasiliana na mitambo mingine ya ofisi.

Tofauti kati ya vifaa hivi na kipakatalishi kilicho mezani ni kwamba kipakatalishi kina mtu anayekitazama kila siku. Kikianza kwenda polepole, mwenyewe atalalamika. Aidha, aghalabu huwa na programu ya kukabiliana na virusi, na hujikumbusha chenyewe kwamba wakati wa kusasishwa umewadia.

Ruta haina skrini, haina programu ya kukabiliana na virusi, na huwaka mchana na usiku mwaka mzima. Mdukuzi akishaingia humo, anaweza kukaa kwa miaka bila mwenye nyumba kushuku lolote, kwa sababu intaneti inaendelea kupatikana kama kawaida.

Waliotangulia kulionyesha hili kwa kiwango cha kutisha ni vijana watatu wa Marekani waliounda programu hasidi iliyokuja kujulikana kama Mirai, mwaka 2016. Mbinu yao haikuhitaji ujuzi wa ajabu. Programu hiyo ilizurura mtandaoni ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za usalama, na kujaribu orodha ya takriban majina na nywila 60 zinazowekwa viwandani, zile ambazo wanunuzi wengi hawazibadilishi kamwe.

Kila kifaa kilichofunguka kiligeuzwa askari. Majeshi ya namna hiyo hutumiwa kuituma mitambo mingi kwa pamoja kuomba huduma kutoka kwa tovuti moja hadi ielemewe, jinsi duka linavyoweza kulemewa na umati wa watu wanaouliza bei bila kununua chochote.

Wakenya walionja athari za shambulizi la aina hii Julai 2023, huduma za eCitizen zilipotatizika kwa siku kadhaa na wananchi wakakwama wakitafuta stakabadhi za serikali. Kundi lililojigamba kuhusika, Anonymous Sudan, halikutegemea ruta za majumbani bali lilitumia seva za kukodi. Lakini funzo ni lile lile: Si lazima mshambulizi avunje kufuli ili akufungie mlango.

Mnamo Oktoba 21, 2016, jeshi la Mirai lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn nchini Marekani, iliyokuwa ikisaidia tarakilishi kutambua anwani za tovuti. Kwa saa kadhaa, mamilioni ya watu hawakuweza kufikia tovuti maarufu kama vile Twitter na Netflix.

Afrika haikusazwa. Raia wa Uingereza, Daniel Kaye, alilipwa na afisa mmoja wa kampuni ya simu ya Cellcom nchini Liberia ili ahujumu mshindani wake, Lonestar. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Kupambana na Uhalifu la Uingereza (NCA), Kaye alitumia jeshi la kamera za usalama zilizotekwa kwa Mirai, na Lonestar ikalazimika kutumia takriban Dola 600,000 kukabiliana na hujuma hizo, mbali na hasara ya mapato. Januari 2019, mahakama jijini London ilimfunga miezi 32.

Mtu huyo huyo ndiye aliyejaribu kuwasajili askari zaidi Novemba 2016, safari hii akilenga ruta. Jaribio hilo liliziangusha ruta za wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani.

Yafaa kuzingatia mlango alioutumia. Haukuwa nywila dhaifu ya mwenye nyumba. Ulikuwa mlango maalumu ambao kampuni za intaneti huutumia kuzirekebisha ruta za wateja zikiwa mbali. Mteja wa Ujerumani angebadilisha nywila yake kila asubuhi, na bado ruta yake ingeanguka. Hapo ndipo hoja ya kumlaumu mtumiaji inapoanza kupwaya.

Jasusi sebuleni

Wahalifu wa kawaida si wao pekee walioona faida ya vifaa hivi. Mei 2018, watafiti wa Cisco walifichua programu hasidi waliyoiita VPNFilter, ambayo tayari ilikuwa imeziingia ruta na hifadhi za data zisizopungua 500,000 katika nchi zipatazo 54. Ilikuwa na uwezo wa kuiba nywila zinazopita ndani ya ruta na, ikiamriwa, kuiua ruta yenyewe.

Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta ulimwenguni wazizime na kuziwasha upya. Serikali ya nchi hiyo ililihusisha jeshi hilo na kundi la wadukuzi linalofungamanishwa na ujasusi wa kijeshi wa Urusi.

Mwaka 2024 ulianza kwa ufichuzi wa aina hiyo hiyo. Mwezi Januari, Wizara ya Haki ya Marekani ilitangaza kuwa wadukuzi waliohusishwa na serikali ya Uchina walikuwa wamejificha katika mamia ya ruta za nyumba na ofisi ndogo nchini humo, ili wanapoishambulia miundomsingi muhimu waonekane kama raia wa kawaida. Wengi wa waathiriwa walikuwa na ruta za Cisco na NetGear ambazo waundaji walikuwa wameacha kuzihudumia.

Mwezi uliofuata, wizara hiyo ilitangaza kusambaratisha mtandao mwingine wa mamia ya ruta, uliotumiwa na majasusi wa Urusi. Hizi zilikuwa ruta za kampuni ya Ubiquiti ambazo nywila zake za kiwandani hazikuwa zimebadilishwa.

Katika visa hivyo vyote viwili, FBI ililazimika kutafuta idhini ya mahakama ili iingie katika ruta za raia na kuzisafisha kutoka mbali. Ni jambo la kutafakariwa kwamba serikali ilibidi iingie nyumbani mwa watu kimtandao kurekebisha kasoro ya bidhaa waliyouziwa dukani.

Isitoshe, ruta kuukuu zimekuwa bidhaa ya biashara. Mei 2025, mamlaka za Marekani zilifunga tovuti mbili, Anyproxy na 5socks, zilizokuwa zikikodisha ruta zilizotekwa kwa yeyote aliyetaka kuficha nyendo zake. Ada ilianzia Dola 9.95 hadi Dola 110 kwa mwezi, na waendesha mashtaka walisema waliohusika walivuna zaidi ya Dola 46 milioni.

Tafsiri yake ni rahisi. Mhalifu akikodi ruta yako na kuitumia kumlaghai mtu, nyayo zake huishia mlangoni pako. Makachero watakapofuatilia anwani ya mtandao, hawatafika kwa mhalifu, bali kwa familia iliyolala usingizi wa pono huku taa za kisanduku zikimetameta.

Kwa wanaotumia benki kwa njia ya mtandao, mfano wa Brazil unafaa kuwakosesha usingizi. Mtafiti wa kampuni ya Kaspersky, Fabio Assolini, alieleza mwaka 2012 jinsi wahalifu walivyotumia kasoro moja katika fimwea kuzibadilisha modemu milioni 4.5 nchini humo. Modemu hizo, zilizoundwa na kampuni sita tofauti, zilielekezwa kwa seva 40 za wahalifu.

Seva hizo ni kama kitabu cha anwani. Mteja alipoandika jina sahihi la tovuti, kitabu kilichochezewa kilimpeleka kwenye tovuti bandia, na alichoandika huko kikaishia mikononi mwa wezi. Tarakilishi yake ilikuwa safi, na jina aliloliandika lilikuwa sahihi. Kilichomsaliti ni kisanduku cha ukutani.

Printa inayokumbuka

Ikiwa ruta imepuuzwa, printa imepuuzwa maradufu. Novemba 2018, mdukuzi mmoja alizifanya printa zipatazo 50,000 duniani zichapishe tangazo la kumsifu PewDiePie, mwanablogu maarufu wa video. Wengi walicheka. Lakini aliyeweza kuiamuru printa ichapishe utani angeweza kujaribu mengi mabaya zaidi, kwani printa hizo zilikuwa zimeachwa wazi kwa ulimwengu wote.

Onyo lilikuwa limetolewa mapema. Mwaka 2011, watafiti Ang Cui na Salvatore Stolfo wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba baadhi ya printa za HP LaserJet zilikubali fimwea mpya bila kuhakiki imetoka kwa nani. Waliweza kuificha fimwea hasidi ndani ya waraka wa kawaida, na mara tu waraka huo ulipotumwa kuchapishwa, printa ikawa mali ya mdukuzi.

HP ilikanusha madai kwamba printa zake zingeweza kuwashwa moto kwa njia hiyo, na ikasema hakuna mteja aliyeripoti kuvamiwa. Hata hivyo, ilitoa marekebisho ya programu Desemba mwaka huo.

Miaka 10 baadaye, Novemba 2021, watafiti wa kampuni ya F-Secure walitangaza kasoro nyingine zilizogusa zaidi ya aina 150 za mashine za HP. Kasoro hizo zilikuwapo tangu angalau mwaka 2013. HP ilitoa marekebisho, lakini ofisi ambayo haina mtu wa kuyaweka ilibaki pale pale ilipokuwa.

Kisa cha Juni 2025 ndicho kinachodhihirisha zaidi kiini cha tatizo. Kampuni ya Rapid7 ilitangaza kwamba mamia ya aina za printa na mashine nyingine za Brother ziliundwa zikiwa na nywila ya msimamizi inayokokotolewa kutokana na nambari ya usajili ya mashine. Anayeijua nambari hiyo anaweza kuikokotoa nywila.

Brother yenyewe ilikiri kwamba kasoro hiyo haiwezi kuondolewa kikamilifu kwa kusasisha fimwea. Mashine mpya zingeundwa kwa njia tofauti. Waliokwisha kununua walishauriwa kubadilisha nywila wao wenyewe. Kiwanda kimekosea, mnunuzi ndiye anayepewa kazi ya kurekebisha.

Jambo jingine lisilofahamika na wengi ni kwamba mashine nyingi kubwa za kunakili huhifadhi ndani yake nakala za nyaraka zilizopitia humo. Kampuni ya bima ya afya ya Affinity Health Plan, Marekani, ilijua hilo ilipochelewa. Ilirudisha mashine ilizokuwa imekodi bila kufuta kumbukumbu zake, na mojawapo ikanunuliwa na wanahabari wa runinga ya CBS waliozikuta humo rekodi za wagonjwa. Agosti 2013, kampuni hiyo ilikubali kulipa zaidi ya Dola 1.2 milioni. Ilikadiriwa kwamba watu hadi 344,579 huenda waliathiriwa.

Hapa kwetu, ambako mashine za mtumba hupita mikono mingi kabla ya kufika katika duka la kunakili vyeti na vitambulisho, kisa hicho kinapaswa kusomwa mara mbili.

Mzigo wa nani?

Mgala muue na haki yake umpe. Wapo wanaoshikilia kwamba mtumiaji naye ana wajibu wake, na hoja yao ina mashiko. Mirai ilifaulu kwa sababu watu hawakubadilisha nywila. Ruta za Ubiquiti zilitekwa kwa sababu iyo hiyo. Mtu anayefunga lango lake kwa komeo kila usiku hana sababu ya kuiacha ruta yake wazi.

Wapo pia wanaoonya kwamba masharti makali kwa waundaji yatapandisha bei ya vifaa na kuwafungia nje maskini, ambao ruta ya bei nafuu ndiyo njia yao pekee ya kupata intaneti. Hofu hiyo haifai kubezwa katika nchi ambayo kwa familia nyingi ada ya kila mwezi ya intaneti hushindana na unga.

Lakini mwanya wa Ujerumani haukuwa mikononi mwa mteja. Mteja wa Brazil hakuweza kuiona kasoro ya fimwea. Mwenye ruta kuukuu hana namna ya kujua kwamba muundaji ameacha kuihudumia, kwani kwa kawaida hakuna barua inayomfikia wala taa nyekundu inayowaka. Na mtu anayenunua kifaa rahisi kisichohudumiwa hajapunguziwa gharama. Ameahirishiwa tu.

Nchi nyingine zimeanza kuuhamisha mzigo. Jimbo la California lilianza kutekeleza Januari 2020 sheria inayotaka vifaa vinavyounganishwa na mtandao viwe na nywila za kipekee, au vimlazimishe mnunuzi kuunda yake kabla ya kuvitumia.

Uingereza ilifuata Aprili 29, 2024. Sheria yake inapiga marufuku nywila dhaifu za pamoja na kumtaka muundaji atangaze muda ambao ataendelea kutoa marekebisho ya usalama. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Pauni 10 milioni au asilimia nne ya mapato yake duniani.

Muungano wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yamepangwa kutekelezwa kuanzia Desemba 2027. Kwa jumla, muundaji atatakiwa kuihudumia bidhaa yake kwa muda usiopungua miaka mitano, isipokuwa ile isiyotarajiwa kutumika muda mrefu hivyo.

Kenya nayo haiko mikono mitupu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inampa anayeingilia mfumo bila idhini adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka taasisi ambayo data zake zimeingiliwa, na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, imfahamishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Tatizo ni kwamba sheria ya kwanza inamwandama mwizi, na ya pili inamwandama aliyeibiwa. Aliyeuza kufuli bovu hatajwi popote. Mwizi mwenyewe, kama visa vilivyotajwa vinavyoonyesha, huenda yuko London, Moscow au asijulikane alipo kabisa.

Marekebisho ya sheria ya 2018 yaliyotiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 2025 yalizua mjadala mkali kuhusu uhuru wa kujieleza na mamlaka ya serikali kufunga tovuti, na baadhi ya vipengele vikasimamishwa na Mahakama Kuu. Mjadala huo ulistahili. Hata hivyo, katika kelele zote hizo, usalama wa vifaa tunavyovitundika ukutani haukusikika.

Nafasi ya kuanzia ipo tayari. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ina jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa nchini. Haihitaji taasisi mpya wala tume ili kuongeza masharti mawili: Nywila ya kipekee kwa kila kifaa, na tarehe ya mwisho ya huduma iliyochapishwa kwenye kasha kama ilivyo kwa dawa na maziwa.

Kampuni za intaneti nazo zinajua ni ruta zipi zimekwisha muda miongoni mwa zile zilizowapa wateja. Kama zinaweza kukata huduma dakika ile malipo yanapochelewa, hazikosi njia ya kumwarifu mteja kwamba kifaa chake kimekuwa hatari, na kukibadilisha.

Serikali yenyewe, ikiwa mnunuzi mkubwa wa printa na ruta, ina uwezo wa kuandika masharti hayo katika zabuni zake kesho asubuhi. Masoko mengine yakikaza kamba huku letu likibaki legelege, si vigumu kukisia bidhaa zitakazokataliwa huko zitatafuta wanunuzi wapi.

Wakati hayo yanasubiriwa, mwananchi ana machache ya kufanya. Abadilishe nywila ya msimamizi wa ruta, ambayo si ile ya Wi-Fi anayowapa wageni. Asasishe fimwea, na azime uwezo wa kuidhibiti ruta kutoka nje iwapo hauhitajiki. Mwenye ofisi ahakikishe printa haifikiki moja kwa moja kutoka kwa intaneti, na asiuze mashine ya kunakili kabla ya kufuta kumbukumbu yake.

Na fundi atakapobisha hodi kuunganisha intaneti, mwenye nyumba asitosheke kuuliza kasi na bei. Amuulize maswali matatu: Kifaa hiki kitahudumiwa mpaka mwaka gani? Nani ataisasisha fimwea yake? Na muda wake utakapokwisha, nani atakuja kukichukua? Fundi huenda hana majibu. Lakini akiulizwa katika kila nyumba anayoingia, naye atalazimika kuyapeleka maswali hayo kwa aliyemtuma.